Siku Tulipoliondoa Beseni

Siku yangu ya kwanza kazini, muda mfupi baada ya Uhuru, nilifika ofisi ya afya Kilosa saa moja kasorobo asubuhi, gauni limepigwa pasi mara mbili, barua ya ajira mkononi. Bwana Afya wa Wilaya, mtu mrefu wa kaptula ya kaki na soksi za magotini, aliisoma barua, kisha akachungulia mlangoni nyuma yangu.

"Huyo Bwana Afya mpya yuko wapi?"

"Shikamoo mzee. Ni mimi."

"Marahaba." Akairudia barua. "Hapa wameandika Bwana Afya."

"Ndivyo cheo kinavyoitwa, mzee."

Alijikuna kidevu, akanikabidhi koleo, tochi ya kumulikia vyoo na muhuri wa machinjioni, akasema tusipoteze muda. Tangu siku hiyo hadi nilipostaafu nilikuwa Bwana Afya, na wanakijiji waliotaka kunipa heshima zaidi waliniita Mama Bwana Afya. Nilizoea. Mume wangu ndiye aliyepata tabu kueleza.

Ninyi vijana mnaoona afisa afya akipita na pikipiki na simu mkononi, acheni niwaeleze kazi ilivyokuwa. Alfajiri nilikuwa machinjioni. Unalipasua ini la ng'ombe kwa kisu chembamba ukitafuta minyoo, unakagua mapafu, ukiridhika unapiga muhuri wa zambarau, na hapo tu ndipo nyama inakwenda buchani. Mchana ni visima na vyoo. Choo cha shimo kilitakiwa kiwe kirefu kuliko mtu aliyesimama juu ya mabega ya mwenzake, tena mbali na kisima na upande wa chini yake, ili majitaka yasijipenyeze ardhini yakaingia kwenye maji ya kunywa. Nilipima umbali kwa hatua zangu mwenyewe, na wazee wa Kilosa walikuwa wakisema mimi nina miguu mirefu kwa makusudi.

Stesheni ya reli nayo ilikuwa kwenye eneo langu, na hapo ndipo nilipomfahamu Bwana Athumani, karani wa tiketi. Treni zikiwa chache, dirisha lake lilikuwa kimya kutwa, naye aliijaza nafasi hiyo kwa kukata makopo. Alikuwa na mkasi wa bati, nyundo ndogo na risasi ya kulehemia, na kwenye rafu ya tiketi alikuwa amepanga treni nzima ya makopo ya maziwa, mabehewa, mlingoti wa taa na hata tangi la maji la kujazia injini. Tangi hilo lilitoa maji kweli. Ukisukuma msumari chini yake kwa kidole, maji yanadondoka, ukiuachia, yanakatika. Stesheni masta alimwita kupe, jina la siku zile za Ujamaa kwa mtu anayekula jasho la wengine. Nami, naona haya kuliandika hili, nilimwuliza mbele za watu, "Bwana Athumani, huna kazi?"

"Ninayo, Bwana Afya," alijibu bila kukasirika. "Hii ni ya kuchezea tu."

Baada ya Kilosa nilipelekwa upande wa Berega, nikakaa miaka mingi kwenye baridi ya vilimani nikihimiza watu kuchemsha maji. Kisha watu wakahamia vijiji vya ujamaa, na Bwana Afya wa Wilaya, yule yule wa kaptula, sasa mwenye mvi, akanihamishia Mikumi. "Huko kuna nyani wengi kuliko vyoo," alisema. "Anza na vyoo." Nyani walinifungulia mfuko siku ya pili, wakala mihogo yangu ya mchana mbele ya macho yangu. Vyoo nilianza siku ya tatu.

Ndipo kipindupindu kikaingia. Ugonjwa ulikuwa umezunguka dunia kabla ya kutufikia, na sisi wa wilayani tuliusoma kwenye waraka kabla ya kuuona kwa macho. Mtu anaharisha maji meupe, mfano wa maji uliyooshea mchele, na asiporudishiwa maji mwilini anaweza kufa kabla jua halijazama. Njia yake ni moja: uchafu wa mgonjwa unafika kinywani mwa mzima, kwa maji, kwa chakula au kwa mikono. Vizuizi viliwekwa barabarani, malori ya miwa ya Kidodi yakasimamishwa, na mimi nikaambiwa nihubiri neno moja: kunawa mikono.

Nilihubiri. Kijiji cha Tupendane, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Mikumi, mwenyekiti alifiwa na baba yake kwa uzee tu, na nilifika mazishini nikiwa na hotuba yangu. Nilisema mpaka sauti ikakauka: hakuna kula kabla ya kunawa! Walinitii kuliko nilivyotegemea. Beseni la maji lilipitishwa kwa kila mtu, likaanza kwangu kwa kuwa mimi ni mgeni wa serikali, likaenda kwa wazee, kwa wanaume, likazunguka hadi kwa akina mama, likaishia kwa wakwe walioolewa pale na watoto. Hakuna aliyerukwa. Niliondoka nimejaa sifa.

Siku ya tatu nikaitwa. Wagonjwa walikuwa tisa. Wawili, mama na mtoto wake, walikwisha kufa nilipofika. Zena, mke wa mwana wa mwisho wa mwenyekiti, alikuwa amelala mkekani macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Tulimpandisha gari la shamba hadi zahanati ya Mikumi akatundikiwa chupa za maji, na kwa siku mbili nilikuwa nikiamka kwenda kuona kama bado anapumua. Alipona. Lakini ugonjwa haukuisha kijijini, na jambo la ajabu ni kwamba mzee hata mmoja hakuugua. Watu wakaanza kunong'ona kwamba wazee wanawatoa vijana kafara.

Nilikagua kisima, nikakitia dawa. Nilikagua vyoo. Nikarudia hotuba yangu. Wagonjwa wengine wanne wakaja.

Nilipata jibu siku moja nilipochelewa. Tairi lilipasuka njiani, nikafika kwa mwenyekiti watu wamekwisha kaa kula. Kwa aibu nikaketi jamvini na akina mama, mwisho kabisa, na beseni likanifikia baada ya watu wote. Niliinamia nikaona maji ya kijivu, mazito, yenye utando juu. Mikono ya watu wote waliokuwapo ilikuwa imekwisha pita mle, pamoja na ya wale waliotoka kuwauguza wagonjwa. Miaka yote ile, kila nilikokwenda, beseni lilianza kwangu. Sikuwahi kuyaona maji ya mtu wa mwisho.

Ugonjwa haukuchagua vijana kwa uchawi. Heshima zetu ndizo zilizouelekeza kwao, na mimi kwa mdomo wangu nilikuwa nimewahimiza kunawa sana. Nililia pale pale, sufuria ya ugali mbele yangu, na mama mmoja akadhani nimekumbuka msiba wangu.

Nilisema tumwagiane maji kwa kata, lakini kata nayo inashikwa na kila mkono. Bomba kijijini halikuwapo. Na arobaini ya baba wa mwenyekiti ilikuwa imebaki siku kumi, wageni wa kutoka Kidodi hadi Kilosa wamekwisha alikwa. Nilikwenda Kilosa kwa Bwana Afya wa Wilaya.

"Mikusanyiko imepigwa marufuku," alisema. "Kwisha."

"Wataifanya, mzee. Tukiwakataza wataifanya maporini, bila mimi, na beseni lao."

"Unataka nini?"

"Siku kumi. Na karani mmoja wa tiketi anitengenezee kitu cha kunawia."

Alijikuna kidevu kama siku ile ya kwanza. "Akipatikana mgonjwa mmoja baada ya arobaini hiyo, Bwana Afya, koleo langu utalirudisha wewe mwenyewe."

Nilikwenda stesheni moja kwa moja. Tangi la makopo lilikuwapo bado rafuni. Niliomba radhi kwanza, kwa maneno yangu yote, mbele ya stesheni masta yule yule. Kisha nikasema, "Bwana Athumani, nitengenezee hili, lakini liwe kubwa la kunawia watu mia tatu."

Hakucheka. Alilichukua debe la mafuta tupu, akatoboa tundu chini yake, akapitisha msumari wa inchi sita kutokea ndani, na chini ya kichwa cha msumari akaweka kipande cha mpira. Uzito wa maji unaukandamiza mpira, tundu linaziba. Ukisukuma msumari juu kwa nyuma ya kiganja, maji yanachirizika juu ya mikono yako na kwenda zake chini. Ukiuachia, unashuka wenyewe na kuziba. Hakuna maji ya mtu yanayomgusa mwenzake. Debe la kwanza lilivuja, la pili likavuja kidogo, la tatu likakauka kabisa.

"Mpira ndio shida," alisema. "Nitaupata wapi wa madebe kumi na mawili?"

Kilosa ilikuwa na watu waliopenda mbio za baiskeli: mwalimu, muuza nyama niliyewahi kumfungia bucha, fundi cherehani na wenzao. Kila Jumapili walishindana barabarani kwa kujifurahisha tu, na wake zao waliwasema kwa hilo. Nyumbani kwao kulijaa tyubu zilizopasuka. Walizitoa zote. Muuza nyama alinisimanga kidogo kuhusu lile bucha, nikamwacha aseme, kisha akaniuliza madebe yatafikaje Tupendane wakati malori yamezuiwa.

"Sijui," nilisema.

"Sisi tunajua," alisema.

Waliondoka alfajiri, watu sita, kila mmoja madebe mawili mgongoni mwa baiskeli, Kilosa hadi Tupendane. Kwenye kizuizi niliwatangulizia barua. Baadaye niliambiwa walishindana njia nzima, na kwamba mwalimu alitangulia ila muuza nyama hakubali mpaka leo.

Siku ya arobaini tuliyatundika madebe kwenye miti kuuzunguka uwanja, chini ya kila moja kokoto za kufyonza maji na kibakuli cha majivu, maana sabuni ilikuwa adimu. Chakula kilitoka motoni kikifuka moshi. Mwenyekiti alisimama, akaliinua beseni la enameli la nyumba yake, la maua mekundu, akalipeleka nyuma ya nyumba. Kisha akasema, "Leo hakuna wa kwanza. Kila mtu na debe lililo karibu naye." Mzee mmoja alinung'unika kwamba huu si ustaarabu. Mwenyekiti akamsukumia msumari kwa mkono wake mwenyewe, mzee akanawa.

Kipindupindu kikimwingia mtu hujionyesha ndani ya siku tano. Nilihesabu siku hizo nikiwa kijijini, nikipita mlango kwa mlango. Moja. Mbili. Siku ya tatu mtoto alitapika, nikamkimbilia. Alikuwa amekula miwa kupita kiasi. Siku ya sita Bwana Afya wa Wilaya alikuja na gari, akateremka, akaliendea debe, akasukuma msumari na kunawa taratibu.

"Wangapi?"

"Hakuna, mzee. Hata mmoja."

Alinawa tena, sijui kwa nini. Akasema, "Yule karani wa tiketi, mwambie nahitaji madebe mengine mia."

Hayakufika mia, kwa sababu watu wa vijiji vingine hawakusubiri. Walikuja kulitazama moja, wakarudi kwao kujitengenezea. Kabla ya masika kuisha vizuizi vilikuwa vimeondolewa na malori ya miwa yanapita tena, na sijawahi kuwa na furaha kubwa kazini kuliko siku lilipopita lori la kwanza.

Nilistaafu baada ya miaka mingine mingi ya visima na vyoo. Siku ya kuniaga, pale Kilosa, mkubwa wa wakati huo alisoma orodha ya vyoo nilivyochimbisha, na sikatai, vyoo ni vingi. Lakini nilipopewa nafasi ya kusema, nilimsimamisha Bwana Athumani, mzee sasa, aliyekaa kiti cha nyuma. Nikaeleza. Nikawaambia vijana wa ofisi yetu wasimdharau mtu anayependa kitu bila kulipwa, kwa kuwa siku ya shida yeye tayari anajua jambo ambalo sisi hatujawahi hata kulifikiria.

Bwana Athumani aliona haya. "Mimi nilikuwa nachezea tu," alisema, watu wakacheka.

Mwanamke mmoja alinyanyuka kutoka upande wa wageni wa Mikumi, amemshika mjukuu mkono. Alipita katikati ya viti hadi kwa mzee yule, akapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Sikukumbuki."

"Hatujawahi kuonana. Mimi ni Zena, wa Tupendane. Kwetu mimi ndiye niliyekuwa nanawa wa mwisho."