Njia ya Mbio Ipitayo kwa Mama Mkwe

Saa kumi na mbili asubuhi, umande haujakauka Nyamwaga, na Ndugu Athanas Mwita anakimbia. Nyuma yake wanakuja wanaume watatu. Wawili wanahema kama maksai wa plau. Wa tatu, Method, hatoi sauti. Huyu ana siku thelathini na moja hajagusa bangi.

Athanas, mwenye miaka arobaini na miwili, ni mhudumu wa zahanati ya kijiji cha ujamaa. Ameajiriwa kusafisha vidonda na kugawa vidonge. Hii kazi ya kukimbiza watu amejitwika mwenyewe tangu mwaka juzi, wala hailipwi senti.

"Mtu akiacha bangi, wiki ya kwanza halali, hali, anafokea kila mtu," anasema akijifuta jasho. "Mganga wa zahanati anampa dawa, anamsikiliza. Mimi namchosha. Mwili ukichoka vizuri usingizi unakuja na uji unashuka. Mbio peke yake haziponyi, ila zinaisaidia dawa."

Kila asubuhi ni maili mbili, kisha jembe katika shamba la kijiji. Kati ya wanaume kumi na mmoja aliowakimbiza, wanne wameacha kabisa. Wengine wamerudia, na Athanas hafichi kwamba inamuuma.

Method anahangaikia zaidi ya afya. Mkewe, Esta, alirudi kwao na mtoto baada ya jembe la mwisho la nyumbani kuuzwa ili bangi inunuliwe. Wazazi wake wametoa sharti: Method akae siku arobaini bila kuvuta, zahanati ishuhudie, ndipo Esta arudi.

Mara ya kwanza alifika siku ya kumi na tisa. Hapo Athanas akaharibu.

Mvua ilikuwa imejaza matope njia ya mtoni, naye akawageuza wenzake waelekee juu, kupitia migombani. Hakukumbuka kwamba njia ile inapita mbele ya boma la wakwe wa Method. Walipokata kona, mama mkwe, Mokami, alikuwa anafagia uwanja, na Method yuko kifua wazi, kaptura tu kiunoni. Mkurya humpisha mama mkwe njia hata akiwa amevaa suti. Method alijitupa migombani, akapotea, na huko alikokwenda akavuta.

"Mimi Mkurya, nilijua," anasema Athanas. "Lakini asubuhi ile niliwaza mapafu, sikuwaza mkwe. Kosa langu, mura, kijana wa watu, akalilipia."

Siku ya tatu Athanas alimkuta Sirari, akipakua magunia karibu na mpaka.

"Niache, tata," Method alimwambia, akimwita baba kwa Kikurya. "Esta nitamtazamaje, na mama yake ameniona vile?"

Athanas hakumhubiria. Alimwomba radhi, kisha akaenda kuwaomba radhi wakwe.

Mokami alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo. "Mwambie mkwe wangu apite hapa hapa," alisema. "Mtoni matope hayaishi mpaka mwezi wa sita. Saa hiyo mimi nitakuwa ndani, mlango nimefunga. Nikisikia miguu yake nitajua hajavuta."

Hesabu ikaanza upya, siku ya kwanza.

Leo wanapofika pale, Method amevaa shati, vifungo vyote amefunga mpaka shingoni. Mlango wa nyumba umefungwa. Ndani mtu anakohoa polepole, kama anayetaka asikike. Method anainamisha kichwa na kuongeza mwendo.

Baadaye, akinawa miguu nyuma ya zahanati, Athanas anaulizwa anatarajia nini katika kazi hii isiyo na malipo. Naye alikuwa mlevi wa gongo, anasema. Ni mwaka wa nane sasa hajaionja. Mkewe alichoka akaondoka. Alipoacha pombe alimfuata hadi Mugumu, akamkuta ameolewa, ana mtoto mgongoni. Wakasalimiana vizuri tu, akarudi.

"Mimi nilipona nimechelewa," anasema. "Zimebaki siku tisa. Nataka huyu awahi."