Konokono wa Kumi na Mmoja

Saa nne asubuhi ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, Nehemiah Mwadime, karani wa ghala la mizigo ya malori mjini Voi na mzee wa kanisa, alimwaga chupa nzima ya spiriti nyuma ya ofisi yake.

Chupa ilitoka Mombasa ikipitia Voi kuelekea Bomeni, kwa bibi mmoja Mzungu anayechunguza viumbe vya baharini. Kizibo kilivuja. Nehemiah alinusa, akaamua kwamba ni pombe ya magendo, akatoka nayo mbio.

“Nimesoma hadi darasa la nane,” anasema, “lakini karatasi ya chupa niliisoma baada ya kumwaga.”

Karatasi ilieleza kwamba spiriti ilikuwa ya kuhifadhi konokono kumi na mmoja, waliotolewa baharini kwenye kina cha futi elfu mbili. Kila mmoja ni mweupe, mdogo kuliko punje ya mchele. Wote walikuwa mchangani.

Msimamizi wake, Bwana Donald, hakupaza sauti. “Wakitimia kumi na mmoja, una kazi. Wakipungua, nenda kachunge ng'ombe huko Ndara.”

Nehemiah ana watoto watano, na kuchunga hajui. “Ng'ombe wa baba yangu walijua mimi ni mjinga kabla mwalimu hajajua.” Akaazima ungo, akapiga magoti.

Jirani yake, Mama Wakio, alimkuta hapo alipokuja kufuata kuku wake.

“Mzee wa kanisa, leo unaabudu mchanga?”

“Natafuta konokono, mama.”

“Voi hii? Hata matope hatuna!”

“Ni wa baharini.”

“Basi wamepotea kukuzidi wewe.”

Kufikia saa sita alikuwa na kumi. Wa kumi na mmoja alimwona kwa macho yake. “Alikuwa karibu na kidole changu. Kuku alikuwa karibu zaidi.”

Aliomba kuku achinjwe. Mama Wakio alikataa: huyo hutaga kila siku. Alipoambiwa habari ya kazi alicheka mpaka akaketi chini, kisha akafuta machozi. “Haya. Nyama yangu, firigisi yako.”

Ndani ya firigisi mlikuwa na changarawe, mahindi, na kitu kimoja cheupe. Nehemiah anasema ni konokono. Bwana Donald anasema ni kipande cha ganda la yai.

Bibi wa Bomeni atafika Voi Jumatatu kukitazama.