Mlango wa Kuku

Kaka yangu alipokwenda kutafuta maisha nchi za watu alikuwa na haraka, hata kivuli chake kilibaki hapa siku tatu ndipo kikamfuata. Mnaoguna guneni, mimi ndiye niliyekiwekea maji ya kunywa. Huko akajifunza kushona viatu, akaoa, akapata mtoto mmoja wa kiume, na huko huko akazikwa.

Mtoto naye akawa fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za ghorofa, kimebana mpaka akitaka kupiga chafya sharti atoke nje. Miaka ishirini amewabandikia soli watu wa mtaa ule, anajua nani anakanyagia kisigino na nani kidole, na bado walimwita Mgeni. Hakukasirika. Alijiambia, mimi nina kwetu, ila sijafika.

Mwaka jana akafunga kibanda, akaja. Aliposhuka kwenye basi, mwenye duka akasikia lafudhi yake, akamwambia karibu, mgeni. Alinisimulia baadaye kwamba neno lile lilimchoma kuliko sindano yoyote ya kazini. Akauliza kisima cha zamani cha kwao kiliko, akashika njia.

Mwenye duka hana siri, akatupigia simu kwamba anakuja mtu anayedai ni wa kwetu. Mwanangu wa kwanza, tunayemwita Hakimu kwa kupenda kuhukumu, akaweka kiti barazani, uso ameukunja. Akasema matapeli wa kudai udugu wamezidi, na huyu atahojiwa majina ya mababu. Akibabaika, arudi alikotoka. Babu yetu mwenyewe alikuwa na majina manne, kila mke na lake. Hata mimi niliyezaliwa humu ningebabaika.

Tukakodoa macho barabarani. Kimya. Mara kuku wakalia nyuma ya nyumba kama wameingiliwa na kicheche. Kukimbilia kule, tukamkuta mtu mzima na begi lake, miiba miguuni, manyoya kichwani, anahangaika na mlango mbovu wa banda la kuku.

Akaomba radhi. Alisema huenda amekosea nyumba, maana baba yake alimwambia mlango mkubwa unatazama kisimani, upite mawe mawili, usukume kwa bega la kushoto kwa sababu bawaba imekaza.

Nikaukumbuka mlango ule. Zamani njia ilipita kule. Ilipohamishwa, kaka ameshaondoka na fundi huyu hajazaliwa, tukaigeuza nyumba, na mlango mkubwa tukawaachia kuku.

Hakimu akafungua kinywa aanze kuhoji. Nikamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Tapeli angepiga hodi pale ulipokaa wewe."

Hakimu akamsogelea fundi. Kisha akamtoa mwenzake unyoya sikioni. "Binamu," akasema, "kuku wangu hawatagi tena mwezi huu, na wewe ndiye sababu."

Fundi akalia, kisima kikajaa hadi ukingoni. Nasi tukampa chumba alichokulia baba yake.

Asubuhi akanijia amevimba uso. "Shangazi, chumba kile kinavuja, na kitanda kina misumari. Mlikuwa mnamlazaje baba pale?"

Furaha niliyoipata, sijui niwaambie nini. Mgeni huamka akisema amelala salama, hata kama amelala na chatu. Nikamwambia ngazi anayo Hakimu, apande paani mwenyewe. Akaenda, huku ananung'unika.