Ng'ombe wa Mahari Walirudi

Dada yangu Nyasuguta alipoachana na Maranga, sisi watu wa Kehancha tulimwambia tulichokijua: ng'ombe wa mahari wakirudishwa, mtoto ni wa mama. Hakuna aliyemtajia mahakama. Basi akawaswaga wote hadi kwa Maranga, hata yule aliyekuwa akimkamulia binti yake Mourine. Kaka zetu walipoona zizi tupu, wakamfukuza. Akapanga chumba sokoni.

Kesi ya kumgombea Mourine ilipofika mahakamani, afisa wa watoto alitembelea nyumba zote mbili. Kwa Nyasuguta aliandika: chumba kimoja, mtoto analala chini, anakunywa strungi, chai isiyo na maziwa. Kwa Maranga aliandika: nyumba kubwa, maziwa yapo.

"Maziwa ya nani, mheshimiwa?" Nyasuguta alimfokea hakimu. "Ng'ombe wote nimewarudisha!"

"Mama, mahakama haiangalii mahari," hakimu alijibu. "Inaangalia maslahi ya mtoto."

Baba akapewa Mourine. Mama akaachiwa likizo za shule.

Likizo ya kwanza, Mourine alimkimbilia mama yake akicheka.

"Mama, yule ng'ombe wetu bado ananijua! Nakunywa maziwa yake kila asubuhi."

"Vizuri, mwanangu," dada akasema, akamwekea strungi.