Mkono Mmoja wa Sweta

Niliandika maoni kwenye blogu ya kufuma masweta, kwa simu ya mama na kwa jina lake: "Dada, sweta hilo mvalishe mbuzi, binadamu ataaibika." Nikacheka peke yangu mpaka nikapaliwa na chai.

Blogu yenyewe ilishanichosha. Mwenye nayo ni mama mmoja wa Njombe, ambaye akikosea kitanzi kimoja anaandika aya tano kama kafiwa. Leo anapiga picha uzi ukiwa kwenye kiti, kesho uzi uleule uko kwenye kochi. Mtu mzima kabisa, anasimulia kola. Na mama yangu, hapa Mazwi, anamsoma kwa sauti kama somo la kwanza la Jumapili huku ugali wa ulezi unaungua. Halafu ananigeukia: "Umesikia, baba? Kafumua kwapa mara tatu." Nimesikia, mama. Nimpelekee rambirambi?

Jioni mama akafungua simu. Yule mwanamke alikuwa amemtumia ujumbe wa upole, "Asante dada, nimekuelewa," kisha akamfungia asiingie tena kwenye blogu. Mama hakuuliza nani kaandika, maana nyumbani tupo wawili tu. Alichukua sweta la shule alilokuwa ananifumia kwa kufuata blogu hiyo, kwa ajili ya baridi ya Juni, akalikunja vizuri, akaniwekea mapajani.

"Jinsi ya kufuma mkono wa pili, yule dada alisema angeandika kesho," alisema. "Kwa hiyo, baba, shuleni utavaa huo mmoja."