Keki ya Mwanaupe ya Siku ya Mji

Kitendawili! Sema tega, hata kama uko peke yako na gazeti lako. Nakatwa kwa kisu mbele ya wakubwa, lakini kwetu ni shamba la muhogo. Nani mimi?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Usinipe Mwanza, ni mkubwa, nitapotea. Nipe Musoma, tukae hapa kando ya ziwa, uone jibu linavyosongwa.

Saa kumi na mbili asubuhi, nyuma ya nyumba yake huko Buhare, Mwanaupe Rashidi anasonga ugali kwa mwiko mrefu kama kasia. Kanga ameifunga kibwebwe, jasho linamdondoka. Leo ni Siku ya Mji, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1983 hakuna aliyemwagiza keki.

Ndiyo, keki. Jibu ndilo hilo: ugali wa muhogo uliopinduliwa kutoka kwenye sufuria ukasimama wenyewe, ukazungushiwa nyanya. Juu yake wamechomekwa dagaa wima, vichwa juu, kama mishumaa.

“Zamani tulikuwaga na ngoma na pilau,” anasimulia bila kuacha kusonga. “Ng’ombe anaangushwa, watu wanakula mpaka hotuba haisikiki. Halafu ikaja ile miaka. Sukari foleni, sabuni foleni. Unga wa ngano ukiuona, unauamkia shikamoo.”

Mwaka huo wa 1983 kamati ya sherehe ilikuwa imeshapiga chapa ratiba: mgeni rasmi atakata keki. Ngano hakuna, na ratiba imeshagawiwa. Wakamkimbilia Mwanaupe, muuza ugali wa pale mwaloni, samaki wanakoshushwa.

“Nikawauliza, keki si inakatwa tu? Basi nitawapa kitu cha kukatwa.”

Mgeni rasmi alipofika mezani aliwatazama wale dagaa, akavuta pumzi, akawapuliza. Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Papo hapo Jenoveva, mpishi wa samaki aliyetokea Kibara, akatoka na ndoo ya mchuzi wa sato akimwagia kila sahani. Tangu hapo ikawa desturi: kisu, makofi, mchuzi.

Sasa ni 1993, enzi za ruksa. Mitumba imejaa, soda zimejaa, spika zinatikisa madirisha. Na katibu wa kamati, Alawi, ameagiza keki ya ngano kutoka Mwanza, ya ghorofa tatu, yenye maua ya sukari.

Anakuja mwenyewe jikoni kumzuia Mwanaupe, mama wa Tabu.

“Mama Tabu, pumzika. Mwaka huu wewe ni mgeni, utakaa kitini.”

“Nikae kitini nifanye nini? Nihesabu nzi?”

“Lakini si wewe ulilalamikaga kwamba ngano hakuna? Sasa ipo. Unang’ang’ania ugali wa nini?”

Mwanaupe anafunika sufuria. Siku nyingine zote, akishatoa unga na kuni, hubaki na shilingi elfu moja hivi, na wateja humwita “we mama”. Siku ya Mji peke yake ndiyo hutangazwa kwa spika kwa jina lake kamili. Akikosa nafasi mezani leo, mwakani nani atamkumbuka?

Anaipakia keki yake kwenye mkokoteni na kushika njia.

Uwanjani, keki ya Mwanza imesimama kwenye meza kuu, ingawa mashimo ya barabarani yameshaiangusha ghorofa moja. Mgeni rasmi anakata. Vipande vinawekwa kwenye sahani za wakubwa. Makofi!

Jenoveva, nyuma ya turubai, anasikia makofi. Mazoea ya miaka kumi yanamnyanyua yeye na ndoo yake. Anatoka mbio, mchuzi wa sato juu ya maua ya sukari, sahani hadi sahani, meza kuu nzima.

“Jenoveva!” Alawi anapiga kelele.

“Nini wewe? Makofi si yamepigwa?”

Mgeni rasmi, mtu wa adabu, anatia kipande mdomoni. Anatafuna. Anatazama ziwa kwa muda mrefu.

“Mchuzi ni mzuri sana,” anasema hatimaye. “Hakuna ugali?”

Uwanja mzima unacheka. Mkokoteni unapitishwa juu ya vichwa vya watu, na spika inalitaja jina: Mwanaupe Rashidi! Dagaa wanapulizwa. Hakuna anayesubiri sahani.

Jioni Mwanaupe anakwangua sufuria akipanga ya mwakani: naye atapandisha ghorofa, sufuria juu ya sufuria, na kileleni asimame sato mzima. Alawi anasogea taratibu, mikono nyuma.

“Mama Tabu, bado hujanijibu. Unang’ang’ania ugali wa nini?”

“Nioneshe mkono.”

Alawi anautoa. Ugali na mchuzi vimepanda mpaka kwenye saa.

“Na ile ya Mwanza uliionjaga?”

“Aa, ile ilikuwa ya meza kuu.”

“Basi ndiyo maana nang’ang’ania,” anasema Mwanaupe, na kumsogezea ukoko.