Wiki Nzima na Neno Moja la Kiingereza

Mke wangu hajui Kiingereza, lakini ndiye aliyenitayarisha kukifundisha. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi wakati ule nilinuna.

Kule Kongo, ng'ambo ya ziwa, nilikuwa mwalimu wa Kifaransa na historia. Hapa Kabuta, upande wa Zambia, nikawa mtu wa baiskeli. Miaka sita nilisukuma magunia ya chisense, wale dagaa wetu wa Ziwa Mweru, kuyapeleka barani kwa watu wasiopakana na maji. Mke wangu alinunua samaki kwa wavuvi na kuwaanika. Hakuacha kuniita Mwalimu hata siku moja, nami nilichukia, maana wenzangu wa baiskeli walilidaka jina hilo wakalifanya mzaha. "Mwalimu, leo unafundisha gunia ngapi?"

Kisha shule moja ya jamii, upande wa Kafutuma, ikatafuta mwalimu. Mwalimu mkuu alisoma vyeti vyangu kimoja kimoja, akaniambia nije baada ya wiki nifundishe somo moja mbele yake, darasa la saba, kwa Kiingereza. Nikiweza, kazi ni yangu. Nikishindwa, baiskeli ipo. Na neno la somo akanipa mwenyewe: height, yaani kimo cha kwenda juu. Nieleze maana zake zote, pamoja na maneno yanayokaribiana nalo.

Niliazima kamusi, nikakaa kivulini nikiyakariri kama sala: top, peak, summit, altitude. Mke wangu alikuwa ameinama juu ya turubai, akigeuza chisense kwa viganja.

"Nielezee na miye," akasema kwa Kiswahili chetu cha kule Kongo.

"Kiingereza hujui."

"Njo maana nakuuliza. Kama miye sisikii, ile batoto batasikia namna gani?"

Nilianza na altitude, nikamwambia ni umbali wa kwenda juu kutoka usawa wa bahari. Akaniuliza bahari iko wapi. Nikakasirika, nikafunga kamusi, nikaenda kunywa maji. Niliporudi alikuwa bado anasubiri jibu.

Basi ikawa hivyo wiki nzima. Kila neno alitaka alione kwa macho, na wilaya yetu ya Nchelenge haina mlima wa kumwonyesha mtu. Top nikamwonyesha kwa gunia la juu kabisa kwenye baiskeli. Peak nikamwonyesha kwa ncha ya paa letu la nyasi. Kimo cha mtu nikakieleza kwa kumsimamisha kwenye fremu ya mlango na kuweka kiganja juu ya utosi wake. Nikagundua kwamba ananifikia begani. Miaka yote ile ya ndoa sikuwa nimepima. Akasimama pale muda mrefu kuliko somo lilivyohitaji, na mimi sikuuondoa mkono.

Maana ya mwisho ndiyo iliyonishinda. Kamusi ilisema height ni pia pale jambo linapofika mwisho wake: upeo wa furaha, upeo wa ujinga, upeo wa hofu. Nilipomwambia, viganja vyake vikatulia juu ya samaki.

"Ya woga naijua," akasema. "Ile siku ya kuvuka. Maji inaingia mu bwato, batu banalia. Nilishika shati yako mpaka kifungo ikakatika."

Siku ile hatukuwa tumeizungumzia tangu tushuke kwenye mtumbwi uliotuvusha ziwa kuja huku. Yeye akaendelea kugeuza chisense.

"Andika hiyo," akasema. "Batoto batasikia."

Siku ya somo nilivaa suruali ya kanisani. Watoto walicheka matamshi yangu tangu salamu, wakanong'onezana kwa Kibemba, na jasho likanitoka hadi kwenye soksi. Mwalimu mkuu aliketi nyuma na daftari lake. Nilipanga vitabu juu ya meza, nikawasimamisha wasichana wawili mgongo kwa mgongo, na polepole vicheko vikaisha. Nilipofika kwenye maana ya mwisho, ile sentensi nzuri ya kamusi ikanipotea kabisa. Sikuwa na kingine ila mtumbwi. Nikawasimulia kwa Kiingereza changu kibovu: mawimbi, vilio, mke wangu asiyejua kuogelea, mkono wake kwenye shati langu.

Msichana wa mstari wa mbele akanyoosha kidole. "Na wewe, ba ticha, ulimshika?"

Swali la haki kabisa. Siku ile mikono yangu miwili ilikuwa juu ya kichwa, juu kadiri ilivyoweza kufika, imeinua mfuko wa plastiki wenye vyeti vyangu. Mke wangu angeweza kuzama, na mimi nilikuwa nimeshika karatasi. Ningeweza kudanganya; nani angejua? Nikamjibu kwamba hapana, nilikuwa nimeshika karatasi zangu. Msichana akaketi. Hakuna aliyecheka.

Mlangoni mwalimu mkuu akaniambia nianze Jumatatu. Nilimshukuru, nikapanda baiskeli, na njia nzima sikuona raha.

Nilimkuta mke wangu akianua chisense haraka, mawingu yamejaa upande wa ziwa. Nikamwambia nimepata kazi. Akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka, akacheza na ungo mkononi. Nikangoja wote warudi ndani, ndipo nikamwambia swali la yule mtoto, na jibu langu.

"Siku ile sikukushika," nikasema. "Nisamehe. Ilinipasa kukwambia tangu zamani."

Akanitazama jinsi mtu anavyomtazama mwanafunzi mzito wa kuelewa.

"Ile mufuko, nani alikupatia? Si miye? Nilikuwa nakupigia kelele: inua, inua tena! Haukusikia, sababu ya mupepo?"

Sikuwa nimesikia. Nilikuwa nikidhani analia.

"Ulikuwa umesimama mu bwato, Mwalimu, mikono yote juu, mutu haina pa kujishika. Woga yangu ilikuwa weye. Nilikushika kusudi usianguke."

Nikalia pale pale, mtu mzima na suruali yake ya kanisani. Akanikabidhi pembe mbili za turubai, akaniambia nishike vizuri, mvua inakuja.